Barua ya wazi: Sikio langu halikuwa la kufa

Kwa waheshimiwa wote wenye dhamana ya afya, elimu na usalama kazini,

YAH: WATU WANAOPOTEZA USIKIVU BAADA YA NGOMA YA SIKIO KUTOBOKA

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu. Sikio langu la kushoto lilitobolewa na kofi nikiwa na miaka 11, darasani, mbele ya wenzangu, na mtu mzima aliyeamini kuwa ananifundisha adabu. Sitamtaja yeye wala shule, kwa kuwa sidai fidia ya lile kofi. Ninaandika kuhusu miaka 18 iliyofuata, ambayo yote niliipitisha mikononi mwa taasisi za aina mnayoiongoza.

Kiganja kilichokunjuliwa kikitua sawasawa juu ya sikio huziba mlango wake na kuisukuma hewa ya ndani kwa ghafla. Ngoma ya sikio, ambayo vitabu huiita kiwambo, ina upana wa karibu sentimita 1 na unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Haitaki nguvu nyingi kupasuka. Nilisikia mlipuko, kisha mluzi, kisha upande mzima wa kichwa ukawa kama umefunikwa kwa kopo. Nilipepesuka. Damu ilikuwa tone moja tu, na kwa sababu ilikuwa tone moja hakuna aliyeshtuka.

Kesho yake mama alinipeleka kituo cha afya. Aliyetupokea alichungulia kwa tochi, akasema: "Ngoma imetoboka kidogo. Itajifunga yenyewe." Tukapewa vidonge vya maumivu, tukaondoka.

Alichosema ni kweli, na ninataka mlisome hili kwa makini, maana simlaumu kwa kusema uongo. Matundu mengi yanayotokana na kofi, kijiti cha pamba au badiliko la ghafla la shinikizo la hewa hujifunga yenyewe ndani ya wiki chache, na mengi yanakuwa yamefungika kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Lakini ili ngoma ijifunge sikio linapaswa kukaa kavu, na lisichokonolewe. Mama hakuambiwa kwamba nikioga aniwekee pamba iliyopakwa mafuta mazito ya mgando. Mimi sikuambiwa nisipenge kamasi kwa nguvu, wala nisizame kwenye maji. Na jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike: hatukupewa tarehe ya kurudi. Hakuna aliyepanga kuangalia kama limejifunga kweli. Hakuna aliyenipima usikivu siku ile, wala mwaka ule, wala mwaka wowote wa utoto wangu.

Wiki ya tatu maji yaliingia sikioni. Siku mbili baadaye likaanza kutoa usaha.

Waheshimiwa, mgonjwa wa sikio huonekana akiwa na maumivu tu. Maumivu yakiondoka, naye hutoweka machoni pa watu. Mfikirieni mtoto mdogo mwenye maambukizi ya sikio la kati, ambayo ndiyo hutoboa ngoma nyingi za watoto kuliko makofi. Usaha hujaa nyuma ya ngoma na kuisukuma. Mtoto analia usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Usiku wa nne usaha unabubujika na mtoto analala. Nyumba nzima inashukuru. Kumbe alilala kwa sababu ngoma imepasuka na shinikizo limeshuka. Kuanzia hapo wazazi huambiwa, au hujiambia wenyewe, kwamba usaha wa sikio ni jambo la watoto na akikua litakwisha. Mara nyingi huisha kweli. Ambao kwao haukwisha hatuwahesabu.

Usaha wangu ulikuwa unakuja na kuondoka. Mwezi unatoka, miezi miwili unakauka, halafu mafua kidogo tu unaanza tena. Nilijifunza kukaa upande ambao hakuna mtu, kwa sababu ya harufu. Nilijifunza kubeba kitambaa. Tulinunua dawa za matone tusizoandikiwa na yeyote, tukamimina na mafuta tuliyoshauriwa na majirani. Sasa najua kwamba sikio lenye tundu halimiminiwi kitu kwa kubahatisha. Matone ya kundi la aminoglikosidi, kama gentamaisini na neomaisini, yakipita kwenye tundu yanaweza kufika sikio la ndani na kuua seli za kusikia, na seli hizo binadamu hazimwoti tena. Matone ya kundi la kwinoloni, kama siprofloksasini, hayana madhara hayo. Mgonjwa akiwa mbele ya rafu ya dawa hawezi kuijua tofauti hiyo peke yake. Anayetoa dawa anapaswa kuijua.

Nije kwenye jambo ambalo limeniumiza kuliko usaha. Lugha yetu ina neno moja, kusikia, na tumelipa kazi mbili. Mtoto asiyepata sauti hasikii. Mtoto mkaidi naye hasikii. Katika ripoti zangu za shule liko neno hilo, mwaka baada ya mwaka, kwa mwandiko wa walimu tofauti: "Hasikii." "Anarudiwarudiwa, hasikii." Waliandika ukweli mtupu wala hawakujua wameandika nini. Nilikuwa nimekaa safu ya kulia, sikio bovu likiwa upande wa mwalimu. Sauti za s, f na sh ndizo huzama kwanza, kwa sababu ni nyepesi kuliko irabu, hivyo nilikuwa napata sentensi zenye matobo na kuyajaza kwa kukisia. Nikikisia vibaya, darasa linacheka. Nikinyamaza, nimekaidi. Kwa ukaidi huo nilichapwa tena, mara mbili kichwani, upande uleule.

Sasa mimi ndiye ninayejaza ripoti. Kila kalamu inapotaka kuliandika neno hilo mkono wangu husita, na mwanafunzi huyo namwita kwanza, nasimama nyuma yake asione midomo yangu, namwambia jambo kwa sauti ya chini. Nimeshawapata wasiogeuka.

Nilipimwa usikivu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 29. Nilikaa kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, nikavalishwa visikizio, nikaambiwa nibonye kitufe kila ninaposikia mlio. Dakika 20 hivi. Sikio la kushoto lilianza kusikia kwenye desibeli 48, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Mnong'ono ni kama desibeli 30, mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kwa hiyo kwa sikio hilo minong'ono yote ya miaka ile ilikuwa haifiki, na mazungumzo yalifika yakiwa yamechoka. Kisha mpimaji akahamisha kifaa, akakibana kwenye mfupa nyuma ya sikio, mlio ukapita kwenye fuvu bila kupitia kwenye ngoma. Nikausikia vizuri kabisa. Akanionyesha mistari miwili kwenye karatasi, wa hewa uko chini na wa mfupa uko juu. Akaniambia sikio langu la ndani ni zima, na lilikuwa zima siku zote. Kinachokosekana ni njia ya kulifikia.

Sikulia pale. Nililia nje.

Nawaeleza kidogo njia hiyo, maana inaonyesha kwa nini muda ni kila kitu. Sauti iliyo hewani ikigonga majimaji ya sikio la ndani moja kwa moja, sehemu kubwa hudunda na kurudi. Mwili umetengeneza mtambo wa kuipenyeza: ngoma inayoipokea sauti, na nyuma yake vifupa vitatu vilivyoshikana, nyundo, fuawe na kikuku, vinavyoibeba hadi kwenye dirisha dogo la sikio la ndani. Eneo la ngoma linalotikisika ni karibu mara 17 ya eneo la dirisha lile, hivyo nguvu iliyokusanywa kwenye ngoma pana hubanwa kwenye mlango mdogo. Vifupa navyo huongeza kidogo kama wenzo. Jumla yake, shinikizo linalofika ndani huwa limekuzwa takribani mara 20. Tundu dogo kwenye ngoma hupunguza desibeli chache tu. Tundu kubwa hupunguza nyingi. Na usaha ukikaa miaka, hauishii kwenye ngoma. Huanza kula vifupa.

Daktari wa masikio, pua na koo aliponifanyia upasuaji alikuta ncha ya fuawe yangu imelika, haishikani tena na kikuku. Alichukua utando mwembamba unaofunika msuli wa kichwani juu ya sikio, akauweka kama kiraka mahali pa ngoma, akaunganisha vifupa kadiri ilivyowezekana. Upasuaji huu ni wa zamani, madaktari wamekuwa wakiufanya kwa namna hii tangu miaka ya 1950, na kwa wagonjwa walio wengi kiraka hushika. Changu kilishika. Usaha ulikoma. Usikivu ukawa bora, sikio likaanza kusikia kwenye desibeli 32 badala ya 48, ukaishia hapo.

Kofi lilitoboa ngoma. Mfupa haukuguswa na kofi. Mfupa uliliwa na miaka ya kungoja, na miaka hiyo hakuna aliyeipanga wala aliyeihesabu. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na watu wameniambia methali hiyo wakidhani wananipa pole. Sikio langu halikuwa la kufa. Dawa ndiyo haikuletwa.

Tena mimi nina bahati. Kuna wanaopata kolesteatoma, uvimbe wa ngozi inayoota pasipo pake nyuma ya ngoma na kutafuna mifupa polepole. Sikio hutoa usaha kidogo wenye harufu kali, bila maumivu, na mgonjwa huzoea. Huo ukiachwa unaweza kupooza uso, kuleta kizunguzungu kisichoisha, homa ya uti wa mgongo, au jipu kwenye ubongo. Watu hufa kwa sikio, waheshimiwa. Hufa kwa sikio ambalo walizoea kulifuta kwa kitambaa.

Hamjakosa taarifa. Mwezi Mei 2017 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio nambari WHA70.13 la kuzuia uziwi na upotevu wa usikivu, linalozitaka nchi wanachama ziingize huduma za masikio katika huduma ya afya ya msingi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake ya kwanza ya dunia kuhusu usikivu: watu zaidi ya bilioni 1.5 wana kiwango fulani cha upungufu wa kusikia, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Ripoti hiyohiyo inasema upungufu wa usikivu kwa watoto unaweza kuzuilika katika visa karibu 60 kwa kila 100. Kila tarehe 3 Machi tunaadhimisha Siku ya Usikivu Duniani, tarehe iliyochaguliwa kwa kuwa 3 na 3 zinafanana na masikio mawili. Mnatoa hotuba siku hiyo. Nimezisikiliza, kwa sikio la kulia.

Lakini kuna takwimu moja ya zamani ninayoirudia kichwani kuliko zote. Mwaka 2004 shirika hilo lilikadiria kwamba watu wenye masikio yanayotoa usaha kwa muda mrefu duniani ni kati ya milioni 65 na milioni 330. Iangalieni hiyo nafasi. Kati ya namba ya chini na ya juu kuna watu milioni 265, ambao hatujui kama wapo au hawapo. Kwa ugonjwa unaoonekana kwa macho, unaonuka, unaolowesha mto wa kulalia! Nilikuwa ndani ya nafasi hiyo. Kwa makadirio yaleyale, 60 kwa kila 100 ya wagonjwa hao usikivu wao ulikuwa umeathirika kwa kiasi kikubwa.

Ninachoomba kinaanzia kwenye karatasi. Mtu yeyote atakayekutwa na tundu kwenye ngoma ya sikio asitoke mlangoni bila kuandikiwa tarehe ya kurudi. Akirudi, achunguliwe kwa otoskopu, kile kitaa chenye kioo cha kukuza, si kwa tochi ya kuazima. Miezi mitatu ikipita na tundu bado lipo, apelekwe kwa daktari wa masikio kwa utaratibu ulioandikwa, asiambiwe "tuendelee kuangalia" na mtu ambaye haangalii. Na awe amepimwa usikivu, masikio yote mawili, mapema, kwa sababu kofi kali au mlipuko wakati mwingine hujeruhi hata sikio la ndani, na hasara hiyo hakuna kiraka kinachoirudisha. Mgonjwa ana haki ya kujua kama kilichoharibika ni njia ya sauti au sikio la ndani.

Mtasema vyumba vya kupimia usikivu ni vichache na wataalamu wake ni wachache. Ni kweli, na hilo litachukua miaka. Basi anzeni na uma wa sauti. Ni kipande cha chuma chenye meno mawili, hakitaki umeme wala betri. Unagongwa, unasimikwa katikati ya paji la uso, mgonjwa anaulizwa mlio uko upande gani. Ukielekea kwenye sikio bovu, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo liko kwenye njia, yaani ngoma au vifupa. Ukielekea kwenye sikio zima, shuku sikio la ndani, na huyo asicheleweshwe. Muuguzi anaweza kufundishwa jambo hili asubuhi moja. Mimi ningefanyiwa hivyo nikiwa na miaka 11, mtu angejua.

Kwa mtoto ambaye usaha umezidi wiki mbili, mwongozo upo tayari na umekuwepo kwa miaka: kausha sikio kwa utambi wa kitambaa safi kinachofyonza, mara tatu kwa siku, kisha weka matone ya kwinoloni kwa wiki mbili. Huo ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo vya ngazi ya chini kabisa. Hakikisheni matone hayo hayakosekani kwenye rafu, na kila mzazi anaonyeshwa kwa mikono jinsi ya kusokota ule utambi. Kuonyeshwa, nasema. Mama yangu alikuwa hodari, angefanya hivyo mara tatu kwa siku bila kuruka hata siku moja, lau kama kuna mtu angemwonyesha. Na chanjo za surua na za nimonia, ambazo zinapunguza maambukizi ya masikio, zisemwe waziwazi kwamba ni chanjo za kulinda usikivu pia.

Kwenu mnaosimamia elimu ombi langu ni la mwalimu mwenzenu. Kofi la sikio lipigwe marufuku kwa maneno hayohayo, kofi la sikio, maana wapo wanaoona halihesabiki kuwa adhabu kwa vile halina fimbo. Mtoto apimwe usikivu anapoanza shule, na apimwe tena kila mwalimu anapotaka kuandika neno lile nililolitaja. Mwenye sikio moja bovu akae mbele, na sikio zima limwelekee mwalimu. Hilo halina gharama hata kidogo. Mwenye sikio moja pia hupata shida kujua sauti inatoka wapi, na kwenye kelele hupotea kabisa. Msimpeleke mtihani wa kusikiliza nyuma ya ukumbi kisha mkamhesabia makosa.

Kwenye kazi nitasema kwa ufupi, kwa sababu wapo wanaolijua eneo hilo kuliko mimi. Cheche ya kuchomelea vyuma ikiingia sikioni hutoboa ngoma kwa kuiunguza, na tundu la namna hiyo huwa gumu kufunga kuliko la kofi. Kinga ya masikio iwe sehemu ya vifaa vya kazi kama ilivyo miwani. Na mfanyakazi akishapoteza usikivu, kipimo chake kitumike kumtafutia kifaa na mahali panapomfaa. Kisiwe sababu ya kumwondoa.

Kwa ambao upasuaji haukuwezekana au haukutosha, shimesikio, yaani vifaa vya kuvaa vya kukuza sauti, ziwepo, na ziwepo pia zile zinazopitisha sauti kwenye mfupa, kwa sababu sikio linalotoa usaha halifai kuzibwa na kifaa.

Mwaka huu nina mwanafunzi wa miaka 9 mwenye sikio la kulia linalotoa usaha. Nilizungumza na wazazi wake, wakampeleka kituo cha afya, na walihudumiwa kwa upole. Alirudi na matone na karatasi. Nimeomba nakala ya karatasi hiyo, ninayo hapa mezani ninapoandika. Ina jina lake, umri wake, jina la dawa na sahihi. Hakuna mahali palipoandikwa kama anasikia. Sehemu ya tarehe ya kurudi imechapishwa pale chini, na haijajazwa.

Nitampeleka mwenyewe wiki ijayo. Ninachowaomba ni kwamba mwaka kesho asihitajike mwalimu mwenye historia kama yangu ili mtoto mwingine arudi.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu, aliyetobolewa sikio akiwa na miaka 11, akapimwa akiwa na 29